Saa ya Kutua Imo Kwenye Kola ya Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 3 Juni

Siku nzuri iliyoharibika saa tano asubuhi. Aliyeiharibu ni mimi, lakini hilo libaki humu humu.

Dada anakuja! Miaka kumi na mitatu ughaibuni, na Jumamosi hii tutakuwa naye kwa wiki sita nzima. Alituma karatasi ya safari, Mama akaenda kuichapisha, akanikabidhi mimi mbele ya familia yote. Alisema niitunze kwa kuwa mimi ndiye mjuzi wa mambo ya ndege. Ujuzi wangu, ukweli usemwe, ni suruali tatu nilizowahi kuwashonea wapakia mizigo wa uwanjani. Mama hakuuliza, nami sikueleza.

Shemeji alinuna. Huyu ni mume wa mdogo wetu wa mwisho. Anauza miwani, ana gari, na kila akifungua mdomo lazima aseme "kwa uhakika". Mtaa mzima unamwita Bwana Uhakika. Kumwona amenuna kulinishibisha siku mbili.

Sasa balaa lenyewe. Alhamisi iliyopita nilikuwa namalizia koti la Mwalimu Mkuu, na kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola kilikuwa kimeisha. Mezani palikuwa na karatasi nene, safi. Nikakata, nikaishonea ndani. Kola ikasimama kama askari! Mwalimu Mkuu akavaa, akajigeuzageuza kwenye kioo, akaondoka nalo kwa furaha. Leo Mama kapita dukani kuniuliza Dada anatua saa ngapi. Nikavuta droo kwa madaha. Nikakuta nusu karatasi.

Nusu iliyobaki ina jina la Dada, uwanja anaoondokea, Ijumaa, saa sita na nusu mchana, bila kusimama popote njiani. Nusu ya chini, yenye saa ya kutua, imo shingoni mwa Mwalimu Mkuu.

Nikafunga droo. Nikamwambia Mama nitamjulisha rasmi. Akanitazama vile anavyonitazamaga, akasema ana ombi moja tu: safari hii anataka awe mlangoni Dada anapotoka. Najua kwa nini alitia mkazo kwenye "safari hii". Siku Dada alipoondoka tulichelewa, kwa sababu nilikuwa namrudishia mteja kifungo. Kifungo kimoja! Mama alifika akaona mkia wa ndege ukipanda. Hajawahi kunigombeza kwa hilo. Afadhali angenigombeza.

Tena mguu wake wa kushoto haumruhusu kusimama zaidi ya nusu saa, na ukumbi wa kupokelea wageni hauna viti. Kwenda mapema kungoja haiwezekani. Inatakiwa saa yenyewe.

Mke wangu kauliza kwa nini nisimpigie Dada. Nimpigie nimwambie safari yake nimeivisha mtu? Mama atajua kabla sijakata simu. Hapana. Umbali ni kitu cha kupimwa, na kupima ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 4 Juni

Ukutani mwa duka kuna kalenda ya zamani yenye ramani ya dunia. Nimeibakiza kwa sababu inaziba ufa. Leo nimeishusha, nikaitandaza mezani, nikavuta tepu kutoka uwanja wa Dada hadi uwanja wetu. Inchi kumi na tatu na nusu. Chini ya ramani wameandika kwamba inchi moja ni kilomita elfu moja. Rahisi hivyo! Nikaongeza nusu inchi kila upande, nafasi ya mshono. Hakuna kitu duniani kinachokatwa kamili kikakaa vizuri, na ndege nayo lazima ijipange kabla ya kuruka na kabla ya kutua. Jumla kilomita elfu kumi na nne na mia tano.

Kasi nimeipata kwa Mzee Toroli. Mzee huyu alipakia mizigo uwanjani miaka ishirini na sita, sasa amestaafu na suruali zake zote zinataka kupunguzwa. Alisema ndege ikishatulia huko juu inakwenda kilomita mia tisa kwa saa. Nikamuuliza ana hakika gani. Akajibu kwamba marubani walikuwa wakimsalimia.

Nikagawanya kwa chaki kwenye kitambaa cha mteja. Saa kumi na sita! Mtu anakaa kwenye kiti saa kumi na sita, na chini yake milima, bahari, watu wanafua, wanagombana, yeye anapita tu. Nilisahau pasi nikiwaza hivyo. Kitambaa cha mteja sasa kina alama, lakini ni kwa ndani.

Ijumaa saa sita na nusu mchana, ongeza saa kumi na sita, unapata Jumamosi saa kumi na nusu alfajiri. Nikaenda kumjulisha Mama rasmi. Akauliza kama nina hakika. Nikasema kwa uhakika. Kisha nikagundua ni neno la nani. Nilisukutua mdomo nilipofika nyumbani.

Jumatano, 5 Juni

Jumatano ndiyo siku ya Dada kupiga simu. Tulikusanyika sebuleni kwa Mama saa kumi na moja jioni. Nilikuwa na mpango. Zamu yangu ilipofika nikamuuliza Dada, kwa sauti ya mtu asiye na shida, kama anadhani akitua atakuwa amechoka kwa uchovu wa asubuhi au kwa uchovu wa mchana. Akasema, "Kaka, si karatasi unayo wewe?" Mama alikuwa ananitazama. Nikasema ninayo, ninayo, nilikuwa natania tu.

Lakini Dada akaomba samahani akameze tonge la mkate, eti ndiyo kwanza anakunywa chai ya asubuhi. Chai ya asubuhi! Nikatazama dirishani. Jua letu lilikuwa linaelekea kuzama. Nikamuuliza saa yake inasemaje. Saa tatu asubuhi. Ya ukutani kwa Mama saa kumi na moja jioni. Tofauti ya saa nane, kwenye simu hiyo hiyo, mtu yule yule, anatafuna nasikia.

Mama akasema yeye analijua hilo miaka kumi na mitatu: Dada akiamka, yeye ndiyo anawaza chakula cha jioni. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Mimi sikuweza kukaa. Nilirudi nyumbani nikachukua chungwa na tochi, nikachoma pini mbili kwenye chungwa, moja Dada, moja sisi. Nikalizungusha polepole. Pini yetu inaingia gizani huku ya Dada bado ina mwanga! Nililizungusha mara arobaini hivi. Mke wangu alitaka kujua kama chungwa hilo litaliwa.

Kwa hiyo hesabu ya jana haifai. Dada akiondoka saa sita na nusu mchana kwao, kwetu ni saa mbili na nusu usiku. Ongeza saa kumi na sita, unapata Jumamosi saa sita na nusu mchana. Anaondoka saa sita na nusu, anafika saa sita na nusu! Jambo lililonyooka namna hii haliwezi kuwa kosa. Nikarudi kumjulisha Mama rasmi mara ya pili. Akasema jana nilisema alfajiri. Nikamweleza kwamba elimu haina mwisho.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda shuleni kuifuata kola. Sababu niliyotunga: mafundi wa kisasa hukagua nguo wiki moja baada ya kuikabidhi. Mwalimu Mkuu alikuwa amelivaa. Nilimshika shingoni kwa heshima zote, kola ikaita kwa ndani, kra, kra. Saa ya kutua ya dada yangu ilikuwa chini ya kidole changu! Nikamwomba alivue dakika tano tu. Akakataa katakata. Ana wakaguzi saa nane, na hajawahi kuwa na kola ya namna hii maishani mwake. Sifa hiyo ilinichoma.

Nilikuwa naondoka kichwa chini ndipo nikaiona. Juu ya kabati la ofisi yake, dunia. Dunia ya duara, ya kuzungushwa, yenye vumbi upande wa juu. Nikaomba ruhusa nikaipima kiuno. Mazoea. Inchi thelathini na saba na nusu. Mwalimu Mkuu akacheka, akasema kiuno hicho ni kilomita elfu arobaini. Basi ndani ya inchi hizo nikatafuta viwanja vyetu viwili, nikavuta tepu. Inchi kumi na moja na kipande kidogo. Kilomita elfu kumi na moja na mia nane, tukakubaliana.

Kumi na moja? Juzi ilikuwa kumi na tatu na nusu! Nikavuta tena. Na hapa nikaona ajabu. Nikiilaza tepu ipite njia ile ile ya ramani, nyoofu, inalegea. Nikiikaza, inateleza yenyewe kwenda juu, kule kwenye baridi, kisha inashuka. Niliikaza mara tatu, ikateleza mara tatu. Njia fupi inapinda! Mwalimu Mkuu mwenyewe aliinama kuangalia. Tulikuwa tumeinama wote wawili, kola inaita, tepu inateleza, hadi kengele ya mapumziko ikapigwa.

Nimerudi dukani nikapima ramani upya. Kumi na tatu na nusu, haikupungua hata chembe. Dunia moja, umbali mmoja, vipimo viwili. Nilimwambia mke wangu akili zinataka kuniruka. Yeye alikuwa anashona vishikizo, hakuinua hata kichwa. Akauliza, "Tangu lini kitambaa kilicholala mezani kikakaa kwenye bega la mtu bila kukatwa na kubanwa?"

Nikaduwaa. Miaka ishirini nawaeleza wateja kwamba mwili ni duara na kitambaa ni bapa, ndiyo maana tunabana hapa na kuachia pale. Ramani ni dunia iliyofumuliwa mishono! Wameivuta pembeni ili ilale. Nimeitazama inaziba ufa miaka minane, na fundi ni mimi.

Hesabu mpya. Elfu kumi na moja na mia nane kwa mia tisa, saa kumi na tatu na dakika chache. Nafasi ya mshono nusu saa kila upande. Saa kumi na nne. Kutoka saa mbili na nusu usiku, inakuja Jumamosi saa nne na nusu asubuhi. Hii ndiyo. Najua kabisa hii ndiyo. Sijawahi kujua kitu namna hii. Mke wangu naye alifurahi, akaondoka kwenda kwa Mama kumsalimia.

Ijumaa, 7 Juni

Nimevaa shati jeupe kwenda kutangaza. Nyumba ilikuwa imejaa. Mama amekaa kwenye kiti chake, kanitazama usoni kwa furaha ambayo sikuielewa. Nikakohoa. Kabla sijatamka neno, Bwana Uhakika akaweka kikombe chini, akasema kwa uhakika tujiandae, Dada anatua saa nne na nusu asubuhi.

Saa yangu! Ile niliyoitoa jasho, kwa tepu yangu, kwenye dunia ya Mwalimu Mkuu! Kaisema kama mtu anayepiga mwayo. Nikawaza, nikisema saa nne na nusu sasa, watu watasema Bwana Uhakika kanena na mimi nimeitikia. Miaka yote watasema hivyo. Wote walinigeukia. Nilifungua mdomo, nikausikia unasema saa nane mchana.

Mdomo huu! Ukishaanza haushikiki. Nikaeleza habari ya upepo wa usoni. Nikaeleza kwamba ndege iliyojaa huenda polepole. Nikaitaja mizigo ya Dada. Bwana Uhakika alitabasamu tu. Mama hakucheka. Ile furaha ilimtoka usoni, akasema, "Haya mwanangu. Wewe njoo saa nane. Sisi tutatangulia."

Mchana kutwa nimejaribu kuipata saa nane kwa njia ya haki. Nimeirudia ile ramani ya kalenda. Ukilegeza tepu kidogo ikabonyea katikati, unafika inchi kumi na tano bila taabu. Kwa hiyo inawezekana.

Kinachonisumbua ni mguu wa Mama. Ikiwa ni saa nane kweli, atasimama tangu saa nne. Nimesafisha kigoda cha dukani, nikakitia mto mpya. Nitampelekea.

Jumamosi, 8 Juni

Nilifika uwanjani saa saba na nusu. Nusu saa kabla! Mimi ambaye kila mtu anasema nachelewa! Nilikuwa na kigoda mkono mmoja na maua mkono mwingine.

Ukumbi mtupu. Mfagiaji mmoja tu. Nikamuuliza kuhusu ndege ya moja kwa moja kutoka kwa Dada. Akasema hiyo imetua zamani, saa nne na nusu juu ya alama. Akaniambia kulikuwa na mama mmoja mwenye mguu mbovu, alikuwa amesimama mlangoni pale, mbele ya watu wote. Binti alipotoka waliangukiana, wakalia, na yeye alishindwa kufagia pale robo saa nzima. Alinionyesha mahali penyewe.

Nilifurahi. Mama alikuwa mlangoni. Nilifurahi kweli, halafu nikakaa kwenye kile kigoda, palepale, nikaona uchungu mpaka mfagiaji akaniuliza kama nimefiwa.

Nyumbani nilimkuta Dada kwenye kiti cha Mama, na Mama kwenye mkono wa kiti. Dada amenenepa kidogo mabegani, itabidi nimpime. Alinikumbatia akakataa kuniachia. Akasema alipotoka alimwona Mama, kisha akaanza kumtafuta mtu mwenye tepu shingoni, akawapita watu wote kwa macho, hakumpata. Nikamwambia ndege yake imewahi.

Baadaye Mama kanipeleka chumbani kwake. Kwenye kalenda, Jumamosi ya leo, kwa mwandiko wake: saa nne na nusu asubuhi. Aliandika siku ile ile aliyoichapisha, kabla hajanikabidhi. Akasema ananijua. Bwana Uhakika kaambiwa jana asubuhi kwa sababu ya gari. Nikamuuliza kwa nini basi amenihangaisha wiki nzima. Akasema mwanzoni alitaka kuona kama nitakiri kwamba imepotea. Lakini Alhamisi mke wangu alimweleza jinsi nilivyoipata saa kwa tepu, na hapo akawakusanya watu makusudi. Alikuwa anangoja niiseme mbele yao.

Nimekirudisha kigoda dukani.

Jumapili, 9 Juni

Mwalimu Mkuu kaja asubuhi, amekasirika. Mvua ya jana imemnyeshea, kola imelala kama sikio la mbuzi. Nikaifumua mbele yake. Ikatoka karatasi imelowa chapachapa, na katikati namba zinasomeka vizuri kabisa: 10:30. Akauliza ni nini hiyo. Nikamwambia ni alama ya kiwanda.

Nimemtilia kitambaa kigumu cha kweli. Ananisihi turudie kuipima dunia siku moja, kuna viwanja vingine viwili anavifikiria.

Jumanne, 11 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Hesabu yangu ya saa nane haikuwa na kasoro. Rubani alikimbiza. Nitaiandikia kampuni barua ya adabu.

Leo suala la safari ya kurudi limeletwa mezani. Bwana Uhakika anadai kurudi ni saa kumi na nne na nusu, kwa uhakika. Mimi nimesema kumi na mbili, maana mizigo itakuwa imepungua. Wengine walitaka karatasi ya kurudi ikae kwa Bwana Uhakika. Nilipinga kwa nguvu zote, nikauliza kama kosa moja linamfuta mtu. Dada alicheka hadi machozi, akasema lazima ikae kwa kaka yake. Mama akaomba aione kwanza. Akaingia nayo chumbani, sijui kwa nini na kalamu, akarudi akanikabidhi.

Nimeitia kwenye droo mwenyewe, chini ya mkasi, salama kabisa. Ilikuwa ndefu kuliko droo. Nimeipunguza chini vidole viwili tu, ikaingia vizuri.